Barua kwa Zuhura: Macho ya Kwenda Nayo Baharini

Utende, Mafia
Mwezi wa Agosti

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kisiwani. Sisi wazima, kusi bado inavuma ila imeanza kuchoka. Ujumbe wako nimeupata, na picha ya cheti cha macho nayo imefika, ingawa nusu ya picha ni kidole chako. Nimefurahi mno kusikia Desemba unakuja kweli, maana ahadi zako za kuja Mafia zingekuwa mbao tungeshaunda jahazi.

Umeniuliza mvaa miwani kama wewe ataonaje chini ya maji, swali moja lenye maswali matano tumboni, na sauti za simu hazitoshi kulijibu, ndiyo maana nimekaa niandike.

Nianze na lile lililokushughulisha zaidi. La, miwani yako ya kila siku haivaliki ndani ya maski ya kuzamia. Mikono yake inapita chini ya ule ukingo wa silikoni, na kila inapopita, maji nayo yanapata mlango. Wako watu wanaovunja mikono ya miwani ya zamani na kuibandika ile fremu ndani ya maski. Nimewaona. Fremu inacheza, inapata ukungu peke yake, na mwenyewe anamaliza safari akiwa ameshika uso badala ya kutazama samaki.

Sasa, shemeji amekuambia kwamba maji yanakuza vitu, kwa hiyo wewe huhitaji lenzi yoyote. Mpe salamu zangu, kisha mwambie ana nusu ya ukweli. Kazi kubwa ya kupinda mwanga ndani ya jicho hufanywa na konea, ile ngozi angavu ya mbele, na inaweza kazi hiyo kwa sababu mbele yake kuna hewa. Ukifungua macho majini, konea inagusana na maji, na maji yanapinda mwanga karibu sawa na yenyewe, basi nguvu yake karibu yote inapotea. Hata mwenye macho mazima kabisa anaona ukungu. Maski inarudisha hewa mbele ya jicho. Lakini mwanga unapotoka majini na kuingia kwenye ile hewa unapinda tena, na hapo ndipo vitu vinapoonekana vikubwa kwa kama theluthi moja, na karibu zaidi, yaani robo tatu ya umbali wake wa kweli. Potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa, akiwa mita 4 kutoka kwako utamwona kama yuko mita 3. Sisi tunawaambia wageni wasisogee chini ya mita 3 kutoka mwilini mwake na mita 4 kutoka mkiani, na karibu kila mgeni anaapa kwamba amegusa samaki, kumbe yuko mbali vizuri tu.

Mwenye namba ndogo ya miwani, tuseme -0.75 au -1, hapo anapona. Anaweza kuogelea na maski ya kawaida asihisi pungufu. Wewe si wa huko. Jicho lako la kushoto, bila miwani, linaona vizuri mpaka sentimita 20 na kitu tu mbele yako. Yanayofuata yote ni ukungu. Maji yatakuongezea kipande kidogo, labda upana wa vidole vitatu au vinne. Potwe utamwona, hilo sikukatalii. Mnyama wa mita 6 au 7 haonekani kwa kutafuta. Ila yale madoa yake hutayaona, na madoa ndiyo uzuri wake, na tena ndiyo kitambulisho chake: watafiti humpiga picha ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, kwa sababu kila potwe ana mpangilio wake. Na ukiingia Ghuba ya Chole kwenye matumbawe ndiyo utalia kabisa. Mle uzuri ni wa vitu vidogo: visamaki vya rangi ya chungwa vinavyojificha ndani ya anemoni, mkunga anayetoa kichwa tu, na samaki jiwe, ambaye nakuomba umwone mapema kabla mguu wako haujamwona.

Kwa hiyo lenzi unazihitaji. Lakini usianze na lenzi, Zuhura. Anza na uso wako. Maski yenye lenzi za ajabu kabisa isiyokaa vizuri usoni ni ndoo tu. Ukiwa dukani, iweke usoni bila kupitisha ule mkanda nyuma ya kichwa, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha achia mikono. Ikibaki imenata yenyewe, ni yako. Ikianguka, au ukisikia hewa inapita pembeni mwa tabasamu, irudishe, hata kama rangi yake imekuua. Angalia pia kama inakubonyeza kwenye paji la uso na juu ya pua. Kinachokera kidogo dukani kitakutesa baada ya nusu saa majini. Na ukingo wote lazima ukae juu ya ngozi tupu. Sisi wenye mitandio hapo ndipo tunapoponzwa. Ile kofia ya kuogelea ya stara ivutwe nyuma kwanza, maski ikae, ndipo kofia irudi juu ya ukingo wa nje. Unywele mmoja chini ya silikoni unatosha kukunywesha maji ya chumvi.

Chagua yenye vioo viwili, si ile ya kioo kimoja kipana. Ile ya kioo kimoja ni nzuri kwa picha, lakini kwa mwenye miwani ni shida, maana lenzi zake hazibadilishwi. Ni mpaka fundi azibandike kwa gundi. Zenye vioo viwili, baadhi ya miundo ina lenzi za dukani zilizotengenezwa tayari. Unafungua kile kifremu, unatoa kioo cha kawaida, unapachika chenye namba. Lakini lenzi ni za muundo uleule wa maski, kampuni ileile; za muundo mwingine haziingii hata ukizibembeleza. Ya kulia na ya kushoto nazo hazibadilishani, kwa sababu zimekatwa kufuata pua. Hakikisha ni kioo kilichoimarishwa kwa moto, kile ambacho huandikwa hivyo pembeni ya kioo chenyewe.

Kuna jambo moja kuhusu lenzi hizi linalonipendeza, na nakusimulia hata kama hukuuliza. Upande wa nje ni bapa kabisa, na nguvu yote imewekwa upande wa ndani, kwenye hewa. Ungekuwa wa nje ndio umepinda, ungebadilisha nguvu pale unapogusa maji, na namba yako ya hewani isingekuwa namba yako ya majini. Kwa kuwa ni bapa, unaona vilevile ukiwa umezama na ukiwa umetoa kichwa unatafuta boti. Hili la kutafuta boti usilidharau. Desemba kunakuwa na boti kadhaa kwa potwe mmoja mbele ya Kilindoni, na asiyeona anaparamia ngazi ya watu wengine.

Haya, cheti chako. OD ni jicho la kulia, OS la kushoto. SPH ndiyo nguvu kuu ya lenzi. Kulia umeandikiwa SPH -3.00 na CYL -0.50. Kushoto SPH -4.25 na CYL -1.00. Hizi lenzi za tayari hazina CYL, yaani hazirekebishi ile hali ya jicho kutokuwa duara sawasawa. Zinakuja kwa hatua za nusu: -3.0, -3.5, -4.0, na kuendelea. Basi kinachofanyika ni kuchukua nusu ya CYL na kuijumlisha na SPH. Kulia kwako inakuwa -3.25, kushoto inakuwa -4.75. Hakuna lenzi ya tayari yenye robo, kwa hiyo unachagua ya juu au ya chini. Mimi nakushauri ya chini, -3.0 kwa kulia na -4.5 kwa kushoto. Wauzaji wengi watakuambia hivyohivyo.

Sababu ya kushuka ni umri, shoga yangu. Tumeshavuka 40, tusidanganyane. Lenzi kali itakupa mbali safi na kukunyima karibu, na majini karibu inahesabika. Ukija kufanya ule mbizi wa majaribio na mwalimu, unaoishia mita 12, utataka kusoma geji ya hewa mkononi mwako mwenyewe badala ya kumtegemea yeye. Nakumbuka ulivyosoma menyu mara ya mwisho tulipoonana Morogoro, umeishika kwa mkono ulionyooka wote. Ukikuta bado hayasomeki, vipo vilenzi vidogo vya kusomea, vya plastiki laini, vinavyonatishwa kwa maji sehemu ya chini ya kioo kwa ndani. Lakini jaribu kwanza bila hivyo.

Kabla hujaagiza, rudi kwa mpimaji wako na karatasi hiyo, umwambie unataka namba za maski. Maski inakaa mbali na jicho kuliko miwani, na kwa namba kuanzia -4 hivi kwenda juu, huo umbali unapunguza nguvu ya lenzi kidogo. Jicho lako la kushoto liko humo. Pengine atakuambia upande huo uende -5.0 badala ya -4.5, akisema hivyo, msikilize yeye, uniache mimi. Na kama CYL yako ingekuwa kubwa, 2 au zaidi, nisingekushauri lenzi za tayari hata kidogo. Ningekwambia utafute za kubandikwa zilizosagwa kwa cheti chako, ambazo bei yake ni nyingine kabisa na zinataka wapime umbali kati ya mboni zako.

Uliuliza pia lenzi za kuvaa ndani ya jicho. Zile laini zinafaa, na wapiga mbizi wengi wanazitumia. Zile ngumu hapana kwa mbizi wa mitungi, kwa sababu unapopanda juu viputo vya hewa vinaweza kukwama chini yake, juu ya konea. Kinachonifanya nisizipende kwako ni kwamba hujawahi kuzivaa. Kujifunza kutia kitu jichoni na kujifunza kupumua kwa bomba, vyote ndani ya wiki moja, ni kujitafutia. Zaidi ya hapo, mwalimu atakutaka uingize maji ndani ya maski na kuyatoa kwa pua, na hapo anayevaa lenzi lazima afumbe macho au lenzi zake azipe bahari. Maji pia yana vijidudu, kimoja kinaitwa akantamiba, kinachopenda kujificha chini ya lenzi na kula konea. Ukizitaka lazima, ziwe za siku moja, na ukitoka majini zitupe, usiziloweke za kesho.

Ile maski ya uso mzima ya rafiki yako wa kazini, mrudishie kwa heshima. Inahitaji fremu yake maalumu ya lenzi ndani, na mimi sipendi kumwona mgeni akijaribu kuzama nayo. Miwani ya kuogelea yenye namba ni rahisi, na kwa bwawa la hoteli ni sawa kabisa. Baharini ikuishie juu juu tu. Pua iko nje, basi huwezi kupuliza hewa ndani kusawazisha mgandamizo unaposhuka, na mita 10 tu chini mgandamizo umeshakuwa maradufu. Utapanda na macho mekundu kama ya mlinzi wa usiku.

Maski mpya huwa na utando mwembamba kutoka kiwandani, ndio unaoleta ukungu hata uteme mate vipi. Sugua vioo kwa ndani na dawa nyeupe ya meno, kwa kidole, mara kadhaa, usuuze. Hii ni kwa kioo kitupu tu. Kama lenzi zako zimewekewa rangi au utando wa kuzuia ukungu, au ni za plastiki, usithubutu, utazikwaruza. Tumia shampuu ya watoto. Vijana wa hapa ufukweni watakuambia upitishe kiberiti. Wanamaanisha mema, lakini kiberiti na silikoni havijuani. Siku ya safari yenyewe mate yanatosha, na usipake mafuta ya jua karibu na macho.

Usitegemee kuagiza ukiwa huku. Maski za kukodi zipo kwenye vituo vya kuzamia, na vingine vina chache zenye namba, ila kupata namba zako mbili tofauti, kulia na kushoto, ni bahati nasibu. Agiza mwezi ujao ukiwa huko, na ukiipata ijaribu kwenye ndoo ya maji nyumbani, watoto wacheke wamalize. Ukija kwa boti ya Nyamisati, iwe ndani ya boksi lake gumu, ndani ya begi unalolishika mwenyewe. Mizigo mingine hukaliwa na watu. Miwani yako ya kawaida uje nayo, na ya akiba pia, maana utakapovaa maski lazima umkabidhi nahodha miwani yako, na nahodha wangu ana tabia ya kuijaribu.

Nitumie namba atakazokupa mpimaji, na jina la muundo wa maski kabla hujalipa, nikuulizie kituoni kama wanaijua. Msalimie shemeji, na mama mkwe. Unga wa sembe usibebe, upo. Lete ule mchele wa Ifakara uliouahidi.

Wako akupendaye,
Mwanahawa