Baba Askofu, tusomee hesabu za jengo

Bwana Yesu asifiwe, Baba Askofu.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za kuomba hesabu za ujenzi wa kanisa letu, tulizopitisha kwa wazee, hazikujibiwa, na mhazini wetu, aliyethubutu kuuliza kikaoni, alivuliwa utumishi madhabahuni Jumapili iliyofuata. Ilisemwa ana roho ya uasi. Hakupewa hata nafasi ya kujibu. Hilo limeniuma kuliko fedha zenyewe.

Waumini wako unawajua. Wengi ni akina mama wa Mwaloni, Kirumba, wanaonunua na kuuza dagaa, na vijana wanaovua usiku kwa taa. Kazi yao inategemea giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni, na nyumba zao zinakaa siku kadhaa bila kuingiza shilingi. Lakini bahasha ya ahadi ya jengo inadaiwa kila Jumapili, kuwe na giza au mbalamwezi. Majina ya waliotoa yanasomwa kwa kipaza sauti, na asiyesomwa kila mtu anamjua. Kuna mama namfahamu aliyekopa kausha damu, mkopo wa riba kali, Ijumaa ili jina lake lisikike Jumapili. Mkopo ule bado anaulipa.

Halafu tunahubiriwa habari za Anania na Safira, mume na mke walioficha sehemu ya fedha za kiwanja walichouza, wakaanguka na kufa; na watu wanatetemeka. Baba, tusome sura hiyo ya 5 ya Matendo ya Mitume pamoja, na mstari wa 4 tusiuruke. Petro anamwambia Anania kwamba kiwanja kilikuwa mali yake, na hata baada ya kukiuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Kilichomwangusha ni kudanganya kuhusu fedha mbele za Mungu, na onyo hilo linamgusa anayepokea sadaka sawasawa na anayeitoa. Fungua sura ya 6: Wayahudi wa Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakumwita mtu mwasi. Waliita mkutano, wakawaambia watu wachague wenyewe ndugu saba walioshuhudiwa kuwa wema.

Nguzo za jengo hazijaongezeka kimo na nondo zimeshika kutu. Wewe umebadilisha gari. Sisemi limetoka kwenye sadaka zetu. Nasema hatujui, na mwenye uwezo wa kutuondolea shaka ni wewe peke yako.

Kanisa letu limesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, na jumuiya iliyosajiliwa hupeleka hesabu zake serikalini kila mwaka. Kama zinaweza kusomwa na karani Dodoma, kwa nini zifichwe kwa mama aliyezichangia?

Tunaomba hesabu za mfuko wa jengo zisomwe ibadani, risiti za saruji na nondo zikiwa mezani, na kila muumini awe huru kuzikagua. Usomaji wa majina ukome. Na mhazini arudishiwe heshima yake pale pale madhabahuni, mbele ya watu wale wale waliosikia akiitwa mwasi.

Ni mimi muumini wako, Mwanza.