Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nairobi: Nusu saa kwa mwezi haitoshi miguu ya watoto wetu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kayole. Binti yangu ana miaka 6 na ana mtindio wa ubongo, jeraha la ubongo linalomkakamaza misuli. Usiku wa kuamkia kliniki silali vizuri. Nawaza ngazi za ploti, nawaza makanga atakayedai gari limejaa akiona nimembeba mtoto mkubwa hivi. Tukifika tunapanga foleni, fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, anamnyoosha miguu kwa nusu saa, kwa upole, kisha tunaambiwa turudi mwezi ujao. Simlaumu. Mara ya mwisho nilihesabu watoto 21 kwenye benchi, naye alikuwa peke yake.

Kinachoniuma ni hesabu yenyewe. Jeraha la ubongo haliongezeki, lakini msuli uliokakamaa haurefuki kwa kasi ya mfupa. Mtoto akikua, kisigino kinainuka, magoti yanajikunja, mapaja yanapishana kama mkasi, na hata nyonga inaweza kuteguka. Mwaka 1988 watafiti wa Ufaransa waliochunguza msuli wa shavu la mguu wa watoto kama wangu waliona kwamba ukikaa umenyooshwa angalau saa 6 kwa siku haufupiki. Waliokaa saa 2 tu, msuli wao ulizidi kufupika.

Saa sita, Mheshimiwa! Mimi hufua nguo za watu. Hata ningeacha kufua, mikono yangu isingeweza, na binti yangu akiona tu nimetandika mkeka huanza kulia.

Kazi hiyo ni ya vifaa: splinti, yaani vifaa vigumu vya kushika kifundo cha mguu, fremu ya kusimamia, kiti kinachoyatenganisha magoti. Akiwa ndani ya fremu mtoto anakula, anachora, anawaona wenzake usoni, na misuli inanyooka bila kilio. Wala si vitu vya kuagizwa ng'ambo. Seremala wa Gikomba akipewa vipimo na fizio ataitengeneza fremu ya mbao. Viti vingine huundwa kwa maboksi na gundi ya unga.

Ibara ya 54 ya Katiba inawapa watoto hawa haki ya vifaa, na Jedwali la Nne limeweka vituo vya afya vya kaunti chini yenu. Basi tuletee fizio katika vituo vya mitaani, walau siku moja kwa wiki. Fungua karakana moja ya vifaa hivi, inayobadilisha splinti mtoto anapokua. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari wanapita milangoni mwetu, wafundishwe kutambua mguu unaoanza kukaza na ngozi iliyochubuliwa na splinti.

Splinti za binti yangu zilianza kumbana Machi. Sasa ziko juu ya kabati. Kisigino cha kushoto hakigusi sakafu tena. Cha kulia bado kinagusa.

Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo,
Kayole