Kuku wa mjini: pimeni banda, msihesabu vichwa tu

Mhariri,

Ugomvi wa kuku mitaani Dar es Salaam ukifika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, swali huwa moja: ana kuku wangapi? Halitoshi. Kuku 10 kwenye maranda (mabaki ya mbao yanayotandazwa bandani) yaliyolowa hunuka kuliko 50 kwenye banda kavu. Ile harufu inayochoma macho ni amonia, gesi itokayo kwenye kinyesi kilicholowa, na mara nyingi huanzia chini ya chombo cha maji kinachovuja.

Sheria ndogo za halmashauri zitaje vitu vinavyopimika: kuku wa mayai wasizidi 5 kwa mita moja ya mraba, maranda au pumba za mpunga kina cha sentimita 5 hadi 10, yageuzwe kila wiki, chombo cha maji kiwe usawa wa mgongo wa kuku, wasichafue wala kumwaga. Ukiyafumbata maranda kiganjani yakabaki bonge, yatolewe siku hiyohiyo.

Chanjo ya mdondo (kideri), ugonjwa wa virusi unaoua kuku, iwe sharti: aina iitwayo I-2 ni tone 1 jichoni, kila baada ya miezi 3.

Na jogoo? Kwenye nyumba zilizobanana asiruhusiwe. Mitetea hutaga bila yeye.

Wafugaji wa kuku,
Dar es Salaam