Klabu haifufuki kwa rangi ya ukuta

Mheshimiwa Mhariri,

Ile ripoti yenu ya kwamba klabu ya mashua za matanga ya mji wetu "imefufuka" nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena, na nimeshindwa kunyamaza. Mimi ni fundi wa mashua, kazi nimeirithi kwa mzee wangu, na sijawahi kuandikia gazeti maishani. Lakini hii imenikaa kooni.

Mwandishi wenu ameandika mkahawa mpya, wai-fai, taa za bustanini, ukuta umepigwa rangi nyeupe. Sawa. Mashua je? Nani anasafiri nazo? Watoto wangapi wa mji huu wanajua kushika usukani leo ambao mwaka jana walikuwa hawajui? Hilo hakuuliza hata kidogo, na klabu ya matanga isiyofundisha mtu kutweka tanga mimi sijui imefufuka kitu gani.

Na ile historia mliyoiandika, mmeanza na Waingereza walipokuja kujenga banda lao na gati. Yaani kabla ya hapo bahari ilikuwa tupu? Pwani hii ilikuwa na mitepe, vyombo vya mbao vilivyoshonwa kwa kamba bila msumari, ilikuwa na majahazi ya kwenda Arabuni kwa upepo wa kusi na kurudi kwa upepo wa kaskazi, na Vasco da Gama mwenyewe alipofika Malindi 1498 ilibidi apewe rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Wakati wa ukoloni klabu za namna ile zilikuwa za Wazungu na zilijulikana hivyo, mtu mweusi aliingia kama mfanyakazi basi. Halafu mkachapisha ile picha ya zamani, wazungu wameketi ndani ya mashua, na wale vijana wawili wamesimama kwenye maji hadi kiunoni wameishika omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, isichukuliwe na mkondo. Maelezo ya chini yametaja walioketi tu. Hao waliosimama ndio waliokuwa wakifunga matanga, wakipaka rangi, wakipiga kalafati kuziba nyufa za mbao, wakizivuta mashua nchi kavu jioni wenye mashua wakienda kunywa. Wengine wajukuu wao wako hapa hapa mtaani, mngeuliza mngeambiwa majina.

Mmejisifia pia kwamba Kenya ilikuwa na mashua kwenye Olimpiki ya 1960 kule Italia. Ni kweli, ilikuwako, wakati huo bado tuko chini ya Mwingereza. Lakini hebu tutazame karibu zaidi, Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, Msumbiji walipeleka wasichana wawili, Denise Parruque na Maria Machava, mashua aina ya 470, ile ya mabaharia wawili. Msumbiji, bahari hii hii, upepo huu huu. Sisi hapa tunahesabu taa za bustani.

Sasa nieleze yaliyonikuta. Klabu ilitangaza siku ya watoto, tangazo lilibandikwa mpaka sokoni, "watoto wote mnakaribishwa kujifunza matanga". Nikamchukua mjukuu wangu wa kike, ana miaka kumi na moja, anajua kuogelea na anajua upepo unatoka wapi hata akiwa ndani ya nyumba. Tukafika asubuhi, maji yanajaa, kaskazi imetulia vizuri kabisa. Getini soja anafungua daftari. Daftari lina sehemu tatu, jina, namba ya gari, na memba aliyekualika. Nikamwambia jina, gari sina, na memba hakuna aliyenialika, nimealikwa na tangazo. Akasema bila memba haandiki. Nikamwomba aulize ndani, akatoka kijana wa ofisini, shati limenyooka, akaniambia kwa upole kwamba siku ya watoto maana yake watoto wa memba na wageni wao, na kwamba hata hivyo kila mtoto aje na jaketi okozi yake mwenyewe, na kuna ada. Nikamuuliza mbona tangazo halikusema hivyo, akasema ataliangalia. Mtoto amesimama pale ananisikiliza nikibembeleza. Tukazunguka nje tukatazama kupitia wavu. Ndani kuna vimashua vya faiba vimepangwa kwenye nyasi na kimoja kimetwekwa tanga, joshi, ile kamba ya kukaza tanga upande wa mbele, imelegea mpaka tanga limekunjana lote mbele, na mwalimu anavuta demani, kamba ya nyuma ya tanga, kwa nguvu akidhani ndio itanyoosha. Mjukuu wangu akaniambia, babu, si wakaze kwanza pale mbele? Wallahi nilipata uchungu ambao siwezi kuuandika. Mtoto anayejua yuko nje ya wavu, na kitu chenyewe kiko ndani kinaharibika kwa jua.

Na tulipotaka kupita ufukweni turudi nyumbani tukakuta hata njia ya baharini imezibwa. Hii ni habari nyingine lakini ni ile ile, Mhariri, na gazeti lenu haliiandiki. Katiba ya 2010 kifungu cha 62 inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni mali ya umma. Ya umma! Lakini utaifikiaje kama kila kichochoro kilichokuwa kikishuka pwani leo kina ukuta na geti na mbwa? Wavuvi wanabeba mashine za mashua mabegani kuzunguka kiwanja cha mtu, kina mama wa pweza wanangoja maji yatoke ndio wapite chini ya kuta, na mimi mbao za mashua napitisha kwa kuomba ruhusa kwa mlinzi ambaye sijui hata tajiri wake ni nani. Halafu tunashangaa watoto wa Pwani wanazama kwa sababu hawajui kuogelea. Watajifunzia wapi?

Mimi sitaki klabu ifungwe. Nataka iwe klabu kweli, na nasema jinsi. Ile mashua ya watoto inayoitwa Optimist ilichorwa Marekani 1947 na Clark Mills ili itengenezwe kwa plaiwudi kwa bei nafuu. Urefu wake ni mita 2.3, uzito kilo 35, mtoto anashindana nayo mpaka miaka 15. Hiyo si kazi ya kuagiza ng'ambo kwa kontena. Tupeni plaiwudi ya baharini na vipimo sahihi, mafundi wa mji huu tutaziunda sita kabla kusi haijaanza, na vijana wawili watatu wajifunze uundaji papo hapo. Jaketi okozi zinunuliwe na klabu, za saizi ya watoto, zikae stoo kwenye misumari, mtoto aje na mwili wake tu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi lile daftari lifungwe na geti liachwe wazi kuanzia asubuhi. Mwalimu mmoja awe nahodha wetu, wapo waliokaa baharini tangu utotoni na leo wanauza mihogo. Na kwenye kalenda ya klabu iwekwe mbio moja ya mashua na ngalawa za kienyeji, kama wanavyofanya Lamu, ambako mji mzima unashuka forodhani kutazama.

Mwandishi wenu akitumwa tena, asiende usiku wa karamu. Aende Jumamosi asubuhi maji yakiwa yamejaa, ahesabu watoto walio ndani ya mashua na walio nje ya wavu, na hizo namba mbili azichape.

Fundi wa mashua,
Pwani