Kabla Hujarudisha Spika Dukani, Sogeza Sofa

Mteja anakuja dukani, anasikiliza spika ndefu za kusimama sakafuni, anaridhika, tunampakilia kwenye gari. Siku chache baadaye simu inaita: "Kaka, hizi ndizo zilezile nilizosikiliza hapo kwenu? Mbona besi inavuma tu, na mwimbaji kama anaimbia bafuni?" Ni zilezile. Kilichobadilika ni chumba, na kwa sebule nyingi za Dar es Salaam chumba kina neno kubwa kuliko amplifaya. Habari njema kwa mteja, na mbaya kidogo kwa mauzo yetu, ni kwamba dawa yake mara nyingi haina bei.

Kwanza tumalize la waya, maana linachukua dakika mbili. Nyekundu iende kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, nyuma ya amplifaya na nyuma ya spika, kulia na kushoto. Ukigeuza upande mmoja tu, wufa (ile spika kubwa ya besi ndani ya boksi) ya kulia itasukuma hewa wakati ya kushoto inavuta. Hapo besi zinauana zenyewe kwa zenyewe, na sauti ya mwimbaji inakosa mahali pa kukaa. Kama spika zako zina besi hafifu kuliko redio ya mezani, anzia hapo kabla hujalaumu chochote.

Sasa sebule. Kuta za tofali za saruji zilizopigwa plasta, sakafu ya marumaru, madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya kusukuma, dari la jipsamu. Ukutani kuna televisheni na kabati lake. Sofa la kona limemeza pande mbili, mgongo wake umegusa ukuta. Spika zinapewa nafasi iliyobaki, yaani zinasukumwa kwenye kona mbili kushoto na kulia kwa kabati, kama walinzi wa geti. Kwa macho inapendeza. Kwa masikio, umeweka spika mahali ambapo chumba kinakuza besi kupita kiasi, halafu na wewe umekaa mahali pengine penye ugonjwa huohuo.

Mawimbi ya besi ni marefu kuliko watu wanavyodhani. Kwa joto letu la nyuzi 30 hivi, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Noti ya hezi 44, yaani mitetemo 44 kwa sekunde, kwa hiyo ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 8. Sebule yenye mita 4 kutoka ukuta hadi ukuta inabeba nusu ya wimbi hilo sawasawa, basi kila noti hiyo ikipigwa, kuta zinarudishiana, na sauti inabaki hewani hata baada ya mpigaji kuachia uzi. Hezi 44 ni F ya chini kwenye gitaa la besi la nyuzi nne, hatua moja tu juu ya uzi mnene ukiachwa wazi. Ndiyo maana unaambiwa wimbo huu unatikisa madirisha na ule hauna kitu, ingawa spika ni zilezile na sauti hujaigusa. Mmoja unapita kwenye noti inayokubaliana na chumba, mwingine haupiti. Chumba cha mita 5 kinafanya hivyo kwenye hezi 35 hivi, kisha tena kwenye 70. Kibaya kuliko vyote ni chumba cha mraba, mita 4 kwa 4 kwa mfano, kwa sababu urefu na upana vinakuza noti ileile kwa pamoja.

Mvumo huo haujasambaa sawa chumbani. Kwenye ukuta una nguvu kabisa, na katikati ya chumba, kwa ile noti ya kwanza, karibu unapotea. Jaribu mwenyewe: kuna programu za bure za simu zinazotoa mlio mmoja mfululizo. Unganisha simu na amplifaya, weka hezi 44 kama chumba ni cha mita 4, au 35 kama ni cha mita 5, kwa sauti ya wastani, halafu tembea polepole kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Utasikia besi inapanda na kushuka bila mtu kugusa kitufe. Wateja wengi wakishafanya hivyo mara moja hawatuulizi tena juu ya kununua ikwalaiza, kile kifaa cha kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba.

Kwa hiyo tunaanza na sofa, si spika. Najua hili linazua mjadala ndani ya nyumba, na fundi wetu hujikuta katikati ya mjadala huo zaidi ya anavyopenda. Lakini sofa lililobana ukuta wa nyuma ndilo chanzo cha nusu ya malalamiko tunayopata. Pahali pazuri pa kukaa ni kama theluthi ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma: kwenye sebule ya mita 5, mita 1.6 au 1.7. Najua pia kwamba familia haiwezi kuishi hivyo, watu wanapita na watoto wanacheza. Basi vuta sentimita 50 tu. Utashangaa. Ila usije katikati kabisa, hapo besi itakukimbia na utarudi kwetu kuulizia sabufa.

Spika nazo zitoke kwenye kona. Kila uso mgumu ulio karibu na spika, iwe sakafu, ukuta wa nyuma au ukuta wa pembeni, unaongeza besi. Kwa nadharia hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila uso. Konani vyote vitatu vimekutana. Anza kwa kuacha sentimita 60 kati ya mgongo wa spika na ukuta, na walau sentimita 80 upande wa pembeni. Namba hizo mbili zisilingane. Sauti inayogonga ukuta na kurudi hufuta baadhi ya noti: wufa ikiwa mita 1 kutoka ukutani, inayofutika iko karibu na hezi 87, ikiwa nusu mita, karibu na 175. Umbali wa nyuma na wa pembeni ukilingana, noti ileile inafutwa mara mbili, na unabaki na shimo katikati ya besi ambalo hakuna kitufe cha kulijaza.

Kipimo chetu cha hapo si muziki. Ni mtangazaji wa kiume akisoma taarifa ya habari. Sauti ya mwanaume tunaifahamu sote, hatudanganyiki. Kama kifua chake kimevimba, kama anazungumzia ndani ya pipa, spika bado ziko karibu mno na ukuta. Sogeza mbele sentimita 10, sikiliza tena. Akianza kuwa mwembamba, umepitiliza, rudi kidogo. Weka alama sakafuni kwa tepu ya karatasi, kwa sababu kesho msaidizi wa kazi atazirudisha zilikokuwa.

Yapo matundu ya hewa nyuma ya spika nyingi, na hayo yakikaribiana na ukuta yanaongeza mvumo. Kama kweli huna nafasi ya kuzivuta, chukua soksi safi, ikunje, ichomeke kwenye tundu ikiwa imebaki nje kidogo ili isije ikatumbukia. Siyo mzaha. Baadhi ya watengenezaji hutoa kizibo cha sponji ndani ya boksi kwa kazi hiyohiyo, na watu hukitupa pamoja na maboksi.

Umbali kati ya spika mbili uwe mita 2 hadi 2.5, na wewe ukae umbali kama huo au zaidi kidogo kutoka kila moja, zipatikane pembe tatu zinazokaribia kulingana. Kisha geuza nyuso zake zikuelekee. Kwenye nyumba yenye mazulia mazito na mapazia ya kitambaa kinene mtu anaweza kuziacha zitazame mbele moja kwa moja. Kwenye marumaru na vioo vyetu, mimi huzigeuza zaidi, mpaka kutoka kwenye kiti unakaribia kuona ubavu wa nje wa kila boksi, ili sauti kidogo tu iende kugonga kuta za pembeni. Ikiwa imekaa sawa, mwimbaji wa taarabu anasimama katikati pasipo na spika, fidla zinatandazwa nyuma yake, na kwenye muziki wa dansi unaweza kunyoosha kidole ukaonyesha gitaa la solo liko wapi na la ridhim liko wapi. Kama kila kitu kinatoka upande mmoja, angalia kama spika moja iko jirani na ukuta na nyingine inaelekea kwenye uwazi wa chumba cha kulia chakula. Ramani hiyo ni ya kawaida sana kwenye nyumba mpya za Kigamboni na Mbezi, na hapo inabidi spika ya upande wa ukuta ivutwe zaidi kuingia ndani ya chumba.

Mwangwi wa bafuni ni suala jingine na tiba yake ni kitambaa. Zulia nene kati ya spika na sofa ndilo la kwanza. Mkeka hautoshi, ni mwembamba. Kisha muombe mtu ateleze kioo kwenye ukuta wa pembeni huku wewe umekaa kwenye kiti chako. Pale utakapoiona twita ya spika (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) ndani ya kioo, ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia. Weka hapo pazia zito au rafu ya vitabu. Meza ya kioo iliyo mbele ya sofa nayo isogezwe pembeni wakati wa kusikiliza. Trei za mayai mziache. Tumeziona zimegundishwa ukutani kwenye vyumba vingi, lakini karatasi nyembamba kiasi kile haigusi besi kabisa, na inakamata vumbi na mende.

Jambo moja la hapa kwetu ambalo vitabu vya maelekezo haviandiki: kudeki. Maboksi ya spika nyingi ni ya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, na MDF ikinyonya maji inavimba na hairudi. Spika iliyokaa moja kwa moja kwenye marumaru inayodekiwa kila asubuhi itaanza kuachia pembe za chini. Weka miguu ya mpira chini yake. Ile misumari ya chuma inayokuja na spika imetengenezwa ili ipenye kwenye zulia mpaka sakafu ngumu. Kwenye marumaru inakwaruza tu na kuteleza. Mpira pia unapunguza mtetemo unaomfikia jirani wa chini, kwa wale wa ghorofani, ingawa saa nne usiku hautakuokoa.

Tahadhari ya mwisho ni kwa waliozoea sabufa. Ukishamaliza kupanga, huenda ukahisi besi imepungua. Kilichopungua ni ile noti moja iliyokuwa inafunika nyingine zote. Sikiliza wiki moja bila kugusa kitu, ndipo uamue. Wachache huzirudisha konani, nao ni haki yao, spika ni zao.

Ukinunua spika kwetu, kuja kuzipanga ni sehemu ya bei ndani ya Dar es Salaam. Kwa ulizonunua kwingine tunatoza ufundi na nauli kulingana na ulipo, na mara nyingi tunaweza kukusaidia bila kufika. Tutumie urefu, upana na kimo cha sebule kwa futi kamba, si kwa kukisia, pamoja na picha mbili: moja umesimama kwenye sofa ukiangalia spika, nyingine umesimama kwenye spika ukiangalia sofa. Tuambie pia soketi ziko wapi, kwa sababu spika tukizitoa konani, waya uliokuja nazo huenda usifike.