Kwa rafiki anayetaka kusajili kozi ya utafiti

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini u mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu, kwa sababu swali lako ndilo lililonikosesha usingizi nilipokuwa nasoma shahada ya kwanza hapa Marekani: je, utafiti uliousajili kama kozi, ukapata krediti, una uzito sawa na ule wa kujitolea katika maabara unapoomba nafasi ya kusomea udaktari wa tiba?

Nianze na alama, maana watu wengi hulisahau jambo hili. Kozi ukishaisajili imeingia katika rekodi yako, na ikiwa inatolewa kwa alama za herufi, AMCAS, ambao ni mfumo wa maombi unaotumiwa na vyuo vingi vya Marekani vinavyotoa MD, yaani shahada ya udaktari wa tiba, utaihesabu katika wastani wako. Maudhui yake yakiwa kwa sehemu kubwa ni biolojia, kemia, fizikia au hisabati, itaingia pia katika wastani wa sayansi unaokokotolewa peke yake. Ikiwa ni ya kufaulu au kufeli tu, kufaulu kwako hakutaugusa wastani huo. Muulize basi msimamizi, kabla hujasajili, atakupima kwa kigezo gani.

Lakini krediti zenyewe, kwa maoni yangu, si kiini cha jambo. Fomu ya maombi ya AMCAS ina nafasi 15 za shughuli, na kila moja unaieleza kwa herufi zisizozidi 700; kati ya hizo unaweza kuteua tatu zilizokugusa zaidi na kuziongezea maelezo ya hadi herufi 1,325. Hapo ndipo kozi ya utafiti inapojulikana ilikuwa na nini ndani yake. Mimi nilisajili kozi ya muhula mmoja, nikawa naosha vyombo, nabandika lebo kwenye mirija na kujaza jedwali nililopewa. Nilipoitwa kwenye usaili, daktari mmoja mpole aliweka kalamu mezani akaniuliza, "Mlikuwa mnatafuta jibu la swali gani?" Nilieleza vifaa, nikaeleza hatua, lakini swali lenyewe sikulijua, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza mtu. Bado naukumbuka ukimya uliofuata.

Usidhani kwa hayo kwamba kozi za utafiti ni hafifu. Iangalie SEA-PHAGES, programu ya kozi za utafiti wa virusi vinavyoua bakteria, iliyoanza mwaka 2008 chini ya Taasisi ya Howard Hughes, inayofadhili utafiti wa tiba, pamoja na mtafiti Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Mwanafunzi, mara nyingi wa mwaka wa kwanza, huchota udongo, huuchuja, huchanganya maji yake na bakteria na kuyamimina kwenye sahani ya agari, rojo la kuoteshea bakteria. Bakteria wakishaota na kutanda kama ukungu, huonekana ndani yake vitundu visivyo na kitu: hapo kuna virusi vinavyowaua, na huenda hakuna aliyewahi kuviona kabla yake. Katika mafunzo ya namna hiyo hiyo, mwaka 2010, mwanafunzi mmoja huko Durban, Afrika Kusini, alipata kirusi kwenye bilinganya lililooza. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2019 ilieleza jinsi kirusi hicho, pamoja na vingine viwili, kilivyotumika kumtibu, huko London, kijana aliyekuwa na maambukizi ya bakteria yaliyoshindikana kwa dawa. Mwanafunzi aliyepitia kozi kama hiyo ana la kusema.

Kwa hiyo ningependa uchague kozi itakayokuachia swali la kwako, na ukae na msimamizi yule yule angalau mihula miwili. Barua ya mapendekezo ya mtu aliyekuona jaribio likikuharibikia, ukalirudia, ina uzito ambao alama ya A haiwezi kuuleta. Ukiwa na nia ya kuomba programu ya MD na PhD (shahada ya utafiti) kwa pamoja, hata mihula miwili ni michache, kwani huko utaandika insha nzima kuhusu utafiti wako tu. Ukitaka MD peke yake, tafadhali usiache zamu zako za kukaa na wagonjwa ili upate saa za maabara. Nimewaona wenzangu wakifanya hivyo, na iliniuma kuwaona wakishindwa kueleza kwa nini wanataka kuwa madaktari na si watafiti.

Nitumie muhtasari wa kozi hiyo kabla dirisha la usajili halijafungwa, nami nitausoma usiku huo huo. Na ukionana na msimamizi, mwombe akueleze kwa sentensi moja swali analolitafutia jibu, kisha uniandikie alivyokujibu.

Wako daima,
Rafiki yako