Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasomaji, Jinja, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, Hajati, walimu na vijana mliofika: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Katiba yetu inanitaka nisome taarifa hii mara moja kwa mwaka. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Kuhusu shughuli za kawaida, mengi mnayajua. Tulikutana mara 11; Desemba haikuwezekana. Januari tulisoma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, kwa mara ya nne tangu chama kianze. Juni tuliweka ratiba kando tukasoma Shetani Msalabani, kwa kuwa mwandishi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o, alikuwa amefariki tarehe 28 Mei. Tarehe 7 Julai tuliadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, picha ziko kwenye grupu. Sanduku la vitabu limepigwa dawa ya mchwa. Chai ilikuwepo.

Sasa nije kwenye lililowaleta wengi leo, maana chumba hiki hakijajaa hivi tangu Januari. Nimesikia maneno. Mji wetu ni mdogo: neno likisemwa Walukuba asubuhi, adhuhuri limeshafika Mpumudde, tena limeongezwa chumvi. Limenifikia kwamba mwenyekiti ameuza chama chetu cha Kiswahili kwa Kiingereza, na kwamba anatafuta wafadhili. Mfadhili mwenyewe sijamwona bado. Akija nitamleta hapa achangie ada zenu.

Ukweli ni huu. Usiku mmoja wa Februari, umeme ukiwa umekatika, nililifungua sanduku letu la bati nyumbani kwangu nikatandika mkeka, nikaanza kupanga vitabu kwa mafungu nikimulika kwa tochi ya simu. Nilikuwa natafuta tu kitabu cha mwezi uliofuata. Vilikuwa 46. Fungu la Tanzania, bara na visiwani, lilikuwa na vitabu 33. Fungu la Kenya 11. Tafsiri za kutoka mbali zilikuwa mbili: Shujaa Okonkwo cha Chinua Achebe na Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere. Fungu la Uganda nililisubiri, halikutokea. Sisi tunaokaa pale Nile inapotoka ziwani, hatukuwa na hata kitabu kimoja cha mtu wa nchi hii. Nikapanga upya kwa waandishi wanawake, nikapata viwili, na kimoja wapo, Mali ya Maskini cha Zainab Burhani, kilikuwa kimenyofoka kurasa za mwanzo. Katika wanachama 27, wanawake ni 15.

Ndipo nikaleta pendekezo mnalolijua: katika kila vitabu vinne, angalau kimoja kiwe cha mwanamke, kimoja cha Mganda, na kimoja kitoke nchi ambayo hatujawahi kuisoma. Kisipopatikana kwa Kiswahili, tukisome kwa lugha kilichomo, mjadala ubaki Kiswahili. Machi walihudhuria watu 18: tisa walikubali, sita walikataa, watatu hawakupiga kura. Akidi ilitimia. Wanaosema hawakupewa taarifa, ujumbe niliutuma Alhamisi usiku na tiki za buluu nilizihesabu, zilikuwa 21.

Hoja ya kwanza ya wapinzani siidharau, kwa sababu walioisema ni wazee waliokipigania Kiswahili kilipokuwa kinaitwa lugha ya askari na wezi. Walikumbusha kwamba Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973 na hakikufika popote, kwamba kiliingia kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005 kikakaa kwenye karatasi, na kwamba Julai 2022 tu ndipo Baraza la Mawaziri lilipoamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Wakauliza: leo ndiyo siku ya kutuletea Kiingereza? Mzee mmoja alisema amekaa kwenye foleni miaka hamsini, na mimi nimefunga dirisha.

Nilijibu, na narudia kwa kuwa wengine mlikuwa mnatoka nje kupokea simu. Kwanza, nionyesheni riwaya ya Kiswahili ya Mganda, nitainunua kesho kwa pesa yangu. Nilisema hivyo Machi. Hadi leo hakuna aliyeniletea. Pili, lugha ambayo kitabu kilichapiwa kwanza haisemi kila kitu. Okot p'Bitek, mshairi wa hapa Uganda, alitunga Wimbo wa Lawino kwa Kiacholi, lakini Kiingereza chake ndicho kilichotangulia kuchapwa, mwaka 1966. Kitabu cha Mganda mwenzetu Moses Isegawa kilitoka kwanza kwa Kiholanzi, mwaka 1998. Hicho Shetani Msalabani mlichokipenda Juni kilizaliwa kwa Kikikuyu, gerezani, juu ya karatasi za chooni. Na Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja, aliandika kwa Kiingereza mpaka akapata Nobel mwaka 2021, ndipo mwaka uliofuata riwaya yake ikarudi nyumbani ikiitwa Peponi. Tungekuwa mlangoni na rungu, wote hao tungewarudisha.

Hoja ya pili ni kwamba kitabu hakichaguliwi kwa kumhesabu mwandishi jinsia na pasipoti, kinachaguliwa kwa uzuri. Ni kweli. Ila hata zamani tulikuwa tunahesabu, tofauti ni kwamba mazoea ndiyo yaliyokuwa yanatuhesabia. Hakuna aliyepiga kura tusome wanaume 44.

Mei tulisoma Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegal, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979. Mjane yuko eda, anamwandikia shoga yake, anamsimulia jinsi mumewe alivyomwolea rafiki wa binti yao. Hajati wetu, ambaye kwa miaka minne kazi yake ilikuwa kumimina chai na kutikisa kichwa, alikuja siku hiyo na kitabu alichokitia alama kwa vipande vya mfuko wa sukari ya Kakira, nilivihesabu kumi na viwili. Akaanza cha kwanza. Alizungumza dakika arobaini. Wanaume wawili walitazama viatu vyao muda wote, na chai ilipoa kwa kukosa wa kuimimina. Ningeweza kuishia hapo.

Kintu, riwaya ya Mganda Jennifer Makumbi, nakubali, ilitushinda kidogo. Ni nene, nakala zilikuwa nne, na badala ya mwezi mmoja tulitumia mitatu. Lakini mwandishi alipotutoa Bwaise, Kampala, ya 2004 akatutupa Buddu ya 1750, wenzetu Waganda wa Masaka ndio waliotuongoza njia, na mjadala ulikuwa Kiswahili kitupu, pamoja na ugomvi. Nakala hizo nilizinunua kabla kamati haijakaa. Hilo ni kosa la utaratibu, si la wizi. Risiti anazo mweka hazina. Vitabu vingine nilivifuata Kamwokya kwa FEMRITE, chama cha waandishi wanawake, nikabanana kwenye taksi na boksi magotini. Nauli sikuidai na siidai, nataja tu.

Mahudhurio yanasikitisha. Januari tulikuwa 22, Aprili 12, Agosti saba, na wawili kati ya hao saba waliingia wakati wa chai. Wanaosema Kintu ndiye aliyefukuza watu watazame daftari: Aprili watu walikuwa wameshapungua, na Kintu tulimfungua Agosti.

Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Tulitarajia 1,620,000, zikapatikana 890,000, wanachama wanadaiwa 730,000. Wadaiwa wakubwa ni 11, na saba kati yao ndio wanaopiga kelele zaidi kwamba pesa ya chama imeliwa. Matumizi: vitabu 412,000, chumba na chai 260,000, dawa ya mchwa na kurekebisha sanduku 45,000. Zimebaki 173,000.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kupata kabati la kufunga, kuwavuta vijana wa sekondari, na labda kumwalika mwandishi mmoja aje. Tukipata uwezo tutafikiria pia kutafsiri hadithi fupi moja ya Kiganda au Kisoga kwa Kiswahili. Watatu wameshaniambia wako tayari, ingawa mmoja ni mdaiwa.

Vitabu sita havijarudi, na nakala moja ya Kintu ni miongoni mwavyo. Aliye nayo anajijua. Ufunguo wa sanduku nimeuweka mezani mbele ya katibu. Anayetaka uenyekiti auchukue, dawa ya mchwa inatakiwa tena Machi.

Mwenyekiti